Sakafu haina juu wala chini

Mgeni anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa mara ya kwanza hutembea ameinua kichwa. Si ajabu, maanake mafundi wa zamani waliiweka kazi yao huko juu: roshani za mbao, vizingiti vilivyochongwa maua, milango ya ubao mzito yenye mfaa ulionakshiwa kutoka kichwani hadi miguuni. Shingo humwuma kabla ya nyayo. Safari hii mimi nilipita Ndia Kuu nikiwa nimeinama, nikitupa jicho katika kila mlango uliokuwa wazi ili nione sakafu, hata kijana mmoja muuza kahawa akaniuliza iwapo nilikuwa nimeangusha pesa.

Sikuwa nimeangusha kitu. Nilikuwa natafuta nakshi ya kukanyagwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Dadangu amejenga Mtwapa, na kama wengi wanaojenga siku hizi, alifika mwisho wa pesa kabla ya kufika mwisho wa nyumba. Vyumba vilikuwa vimekamilika na mabati yako juu, lakini baraza ya mbele ilibaki saruji tupu ya kijivu. Shemeji alitaka vigae vinavyong'aa, vile ambavyo mtu hujiona uso akiinama. Mama yetu, ambaye ana miaka 74, hakutaka hata kulisikia neno hilo. Mwaka uliotangulia aliteleza juu ya vigae vilivyolowa nyumbani kwa jamaa, akavunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Alituambia waziwazi kwamba baraza ikitiwa vigae, yeye atakuwa akisalimia kutoka langoni.

Kwa hivyo dada akaamua saruji ibaki saruji, ipakwe rangi, kisha ichapwe nakshi kwa kiolezo. Mume akakubali kwa shingo upande. Swali likawa moja tu: kiolezo kipi? Na kwa kuwa mimi ndimi ninayezurura kwa sababu ya kazi, nikatwikwa mzigo wa kutafuta.

Kiolezo, au stensili kama wasemavyo mafundi wengi, ni kitu rahisi. Ni bapa la kadibodi, plastiki au bati jembamba lililokatwa matundu yenye umbo fulani. Ukililaza sakafuni na kuligongagonga kwa brashi yenye rangi, rangi hupita matunduni peke yake, na ukiliinua, umbo hubaki chini. Wasomaji waliofanya mitihani ya shule miaka ya 1980 watakumbuka stensili nyingine, ile ya nta iliyotiwa kwenye taipureta. Kanuni ni ileile: wino hupita palipotobolewa na hukomea palipozibwa.

Madukani vipo violezo vilivyokatwa tayari, vingi vikitoka ng'ambo, na vingi vikiwa na nyota za Moroko. Sina ugomvi na Moroko. Lakini nyota zile asili yake ni vipande vidogo vya vigae vya udongo ambavyo fundi wa Fez huvichonga kimoja kimoja kwa nyundo na kuvipanga kama mchezo wa kuunganisha picha. Ncha zake ni kali kwa sababu kipande cha kigae kinaweza kuwa na ncha kali. Je, rangi juu ya saruji ya Mtwapa itaweza?

Mbavu za mtu

Swali hilo nililipeleka Majengo, kwa mzee mmoja anayeandika mabango na majina ya maduka tangu kabla mashine za kukata stika hazijafika mjini. Nilimwonyesha nyota ya Moroko kwenye simu. Akaitazama, akacheka kidogo, akainuka kwenda kuchukua picha ya eksrei iliyokwisha tumika. Ukiiinua kwenye mwanga, mbavu za mtu asiyejulikana zinaonekana wazi.

"Hii ndiyo bora kuliko zote, mwanangu," akasema. "Ngumu, laini, hailowi. Naitia jiki mbavu zinatoka, nabaki na plastiki safi."

Kadibodi, alinieleza, ni ya kazi ya siku moja. Ukiigonga mara kumi na tano au ishirini hulowa rangi, kingo zake zikaanza kulegea kama mkate uliotiwa chaini. Bati halilowi lakini halilali vyema juu ya sakafu yenye mabonde, na rangi hupenya chini yake. Stika inayokatwa kwa mashine hutoa kingo safi kabisa kwa sababu inaganda kwenye sakafu, ila ukishaibandua umeimaliza. Kwa nembo moja katikati ya ukumbi, stika. Kwa umbo litakalorudiwa mara sabini, eksrei au plastiki nyingine ya aina hiyo.

Kisha akanipa somo ambalo sijalisahau. Alichora duara, na ndani yake duara dogo.

"Nikikata hili la nje, na hili la ndani je?"

"Litaanguka," nikajibu.

"Basi lazima liwe na mikono ya kulishika. Nenda ukatazame gunia lolote lililopigwa chapa ya herufi. Ile O haikukamilika. Imekatika juu na chini. Pale ndipo mikono ilipokuwa."

Tangu siku hiyo siwezi kuona gunia la kahawa au kasha la mbao bila kuitafuta mikono. Na hapo ndipo nilipojua jinsi ya kutambua kiolezo kizuri dukani. Katika kiolezo kibovu, mikono imepachikwa popote ili kuzuia kipande kisianguke, na ukishachapa, umbo hubaki na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Katika kiolezo kizuri mikono imegeuzwa kuwa sehemu ya nakshi yenyewe: ni bua la ua, ni mshipa wa jani, ni nafasi kati ya pindi mbili za kamba. Mzee yule alisema mkono mwembamba kuliko njiti ya kiberiti usiununue, utakatika kabla hujamaliza safu ya pili.

Ile nyota ya Moroko alinirudishia simu yangu nayo. Ncha zake, alisema, zitajaa rangi na kuwa vidole.

Pindo na mji

Kutoka Majengo hadi Biashara Street si mbali. Huko leso zimetundikwa barazani mwa maduka kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, na ni vigumu kupita bila kusimama. Leso, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kanga, imepangwa kwa namna ambayo kila mwanamke wa pwani anaijua bila kufundishwa: kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji.

Nilipokuwa nimesimama pale nilitambua kwamba sakafu ya baraza ni leso iliyotandazwa. Mtu akienda kununua kiolezo kimoja tu na kukirudia kutoka ukuta hadi ukuta, sakafu yake huonekana kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Nakshi hukomea popote ukuta ulipo, nusu ua huku, robo ua kule. Pindo ndilo linaloiambia nakshi ikomee wapi. Kwa hivyo violezo vinavyohitajika ni viwili, pindo na mji, na kwa kweli ni vitatu, maanake pindo likifika pembeni lazima lipinde. Umbo lililokuwa likitembea upande likifika kona haliwezi kugeuka lenyewe. Ama lina kiolezo chake cha pembe, ama mraba mtupu unawekwa pale. Wauzaji wengi hawalisemi hili mpaka mteja arudi kulalamika.

Nilishawishika sana na korosho. Ni umbo la zamani katika leso, lenye tumbo nene na mkia uliopinda, na kwa kiolezo ni rahisi kulikata. Nikanunua leso yenye korosho, nikaitandaza kitandani usiku ule katika chumba cha kulala wageni, nikaizunguka. Kutoka upande wa mlango korosho zilisimama wima. Kutoka upande wa dirisha zilikuwa zimening'inia kichwa chini. Leso huvaliwa, kwa hivyo ina juu na chini. Baraza je? Mgeni anaingia kutoka uani, mwenyeji anatoka kutoka ndani, mama ameketi ubavuni. Nani ataonyeshwa nakshi iliyopinduka?

Korosho zikabaki kuwa leso.

Kaskazini, hadi Gedi

Siku ya tatu nilipanda matatu ya Malindi. Karibu kilomita 90 kutoka Mombasa, ukiwa hujafika Malindi, kuna njia ya kuelekea magofu ya Gedi, mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuhamwa katika karne ya 17. Msitu uliumeza mpaka mwaka wa 1948 James Kirkman alipoanza kuufukua. Mwaka wa 2024 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Watu wengi huenda Gedi kuona msikiti mkuu, kasri, na lile kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399. Mimi, nikiwa na ugonjwa wangu wa kutazama chini, niliziangalia sakafu. Nyumba zile zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Waliokaa humo hawakuwa maskini. Walikula katika vyombo vilivyotoka China, na katika mihirabu ya msikiti walipachika mabakuli ya kaure. Lakini sakafuni sikuona nakshi hata moja. Palipobakia chokaa, ni chokaa iliyolainishwa tu.

Nilikaa juu ya jiwe kwa muda, nyani na kima wakipita juu ya kuta kana kwamba ndio wenye hati za kiwanja, nikijiuliza kwa nini matajiri wale waliipamba mihirabu wakaziacha sakafu. Sikupata jibu mpaka nilipofika Lamu, na jibu lenyewe lilikuwa limekunjwa nyuma ya mlango.

Ndani

Safari ya Lamu kwa basi hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Siku hizi lami imefika mpaka huko, na abiria aliyezoea kushuka akiwa mwekundu kwa vumbi sasa hushuka akiwa na rangi yake, ingawa vizuizi vya polisi vingalipo na kitambulisho lazima kiwe karibu. Kutoka Mokowe ni mashua. Mji ukaanza kujitokeza juu ya maji: minara, mapaa ya makuti, punda wamesimama ufuoni wakingoja mizigo ya watu wengine.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka wa 2001, na unazo nyumba za karne ya 18 ambazo ndani yake kuna kazi ya chokaa isiyo na mfano. Ipo nyumba moja iliyofanywa makumbusho, na kwa mtu asiye na jamaa huko ndiyo mahali pa kuanzia. Vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko zilizobeba dari: urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, nao aghalabu haufiki mita tatu. Mtu hupita kutoka daka hadi kiwanda, kisha msana wa kwanza, msana wa pili, na kila anavyozidi kuingia nakshi huzidi, mpaka anapofika kile chumba kiitwacho ndani, ambapo ukuta mzima umejaa zidaka.

Zidaka ni vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, na kuzunguka kila kimoja kuna utepe wa nakshi uliochongwa katika chokaa kabla haijakauka sawasawa. Utepe mmoja ni kamba iliyosokotwa. Mwingine ni mlolongo wa almasi. Nikausogelea. Almasi ile haikuzidi upana wa vidole vitatu, na hapo nikaelewa jambo jingine la kuchagua kiolezo, nalo ni umbali. Fundi wa Lamu alijua kwamba katika chumba cha mita tatu hakuna atakayeuona ukuta kutoka mbali, kwa hivyo akachonga vidogo. Sakafu ya baraza huonwa na mtu aliyesimama, kutoka kimo cha macho yake, na wakati mwingine kutoka langoni. Umbo la vidole vitatu lingegeuka ukungu tu. Nakshi ile ningeweza kuichukua, lakini nikiikuza mara nne au zaidi.

Nilipiga picha tatu. Ya kamba, ya almasi, na ya tatu niliipiga nje, juu ya mlango mmoja, ambapo palikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyopindapinda kwa uzuri kama mizabibu.

Jioni, karibu na ngome ile iliyomalizika kujengwa mwaka wa 1821, nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani, akaitikia marahaba, akanikaribisha nikae. Nikamweleza safari yangu na kumwonyesha picha. Mbili za kwanza alizitazama akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ya tatu akairudisha haraka.

"Hiyo iwate papo hapo ilipo, mwanangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Hayo ni maneno ya Mungu. Wayaweka chini, watu wayapite na viatu?"

Aliniambia milango mingi ya Amu ina aya au jina la Mungu juu yake, na ndiyo maana imewekwa juu. Mtu asiyesoma Kiarabu huona maua. Nililifikiria sana jambo hili njiani, kwani miongoni mwa violezo vya plastiki nilivyoviona Mombasa vilikuwamo viwili vyenye mapindo ya namna hiyo, vimeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni vya sakafu na ukuta. Msomaji asiyejua hati ile asinunue kabla ya kumwonyesha mtu anayeijua. Jirani akija kukusalimu na kukuta aya tukufu chini ya ndara zako, hutaweza kumweleza kuwa uliiona ni mizabibu.

Kuhusu sakafu tupu za Gedi nilimwuliza mzee huyo huyo. Hakujibu kwa maneno mengi. Alimwita mjukuu wake, msichana akatoka ndani na mkeka uliokuwa umekunjwa nyuma ya mlango, akautandika.

Mkeka wenyewe ulikuwa wa miyaa, umesukwa ukili baada ya ukili kisha zikashonwa pamoja, zambarau na kijani na rangi ya majani makavu. Niliuzunguka kama nilivyoizunguka leso. Kila upande ulikuwa sawa. Aliyesuka mkeka alijua kwamba utakaliwa kutoka pande zote, kwa hivyo mkeka hauna kichwa wala miguu. Sisemi kuwa nimegundua siri ya Gedi, hiyo ni kazi ya wasomi. Ninachosema ni kwamba katika pwani yote niliyoipita, nakshi niliyoiona iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ilikuwa ya mkeka.

Nikaamua hapo hapo. Mji utakuwa wa mkeka: almasi ndani ya mraba, isiyo na juu wala chini. Pindo litakuwa ile kamba ya zidaka, ambayo mikono yake ya kushikilia imekwisha kuwepo katikati ya kila pindi. Maneno hapana.

Hesabu ya baraza

Nilirudi Mtwapa na karatasi zangu, na mzee wa Majengo akakubali kukata. Lakini kwanza alitaka vipimo, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hununua kiolezo kwanza na kupima sakafu baadaye.

Baraza ya dada ni futi 12 kwa 9, yaani inchi 144 kwa 108. Tukitoa pindo la inchi 12 kila upande, mji unabaki na inchi 120 kwa 84. Dukani dada alikuwa amependa kiolezo cha inchi 18. Gawanya 120 kwa 18: unapata sita na mabaki ya inchi 12. Gawanya 84 kwa 18: nne na mabaki ya inchi 12. Pande zote mbili zingekatika. Cha inchi 10 kingeingia vizuri mara 12 kwa urefu, lakini kwa upana kingeacha inchi 4 zisizo na mwenyewe. Cha inchi 12 kinaingia mara 10 kwa urefu na mara 7 kwa upana, bila baki. Hiyo ni michapo 70 ya mji. Pindo linachukua 10 na 10 kwa pande ndefu, 7 na 7 kwa pande fupi, na pembe 4: jumla 38. Kiolezo cha mji, cha pindo na cha pembe, basi. Kuta za nyumba zetu hazinyooki sana, na zile inchi mbili ambazo ukuta wa kushoto ulikuwa umepinda zilifichwa kwa ukanda mwembamba wa rangi tupu nje ya pindo.

Sakafu yenyewe ilijaribiwa. Saruji mpya hungojewa siku 28 kabla ya kupakwa. Ya dada ilikuwa na miezi. Hata hivyo tulibandika kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, tukaziba kingo zote kwa utepe wa gundi tangu magharibi hadi asubuhi. Ikiwa chini yake kuna matone au saruji imegeuka nyeusi, unyevu bado unapanda na rangi itabanduka kama ngozi ya aliyechomwa na jua. Palikuwa pakavu. Kisha tukadondosha maji: yaliponyonywa tukajua saruji itashika rangi, lakini pale karibu na mlango matone yalisimama kama kwenye jani la mgomba. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamemwagika hapo. Pakasuguliwa kwa sabuni na brashi ya chuma mara mbili.

Niseme pia kwamba ziko stensili za aina nyingine, za karatasi inayouzwa kwa marobota, ambazo hulazwa juu ya zege bichi, unga wa rangi ukanyunyizwa na kusawazishwa kwa mwiko, kisha karatasi ikabanduliwa na kuacha mistari kama ya mawe yaliyopangwa. Zinapendeza sana kwenye njia ya gari na uwanja mpana. Lakini zege halingoji, hasa kwa jua la pwani. Kazi hiyo inataka mafundi watatu au wanne wanaoijua. Kwa baraza iliyokwisha kukauka haifai hata kidogo.

Shemeji alitaka rangi nyeusi kwa msingi. Mama akauliza iwapo amewahi kutembea pekupeku juu ya kitu cheusi saa nane mchana. Ukachaguliwa wekundu wa udongo, ule ule wa sakafu za saruji nyekundu ambazo wengi wetu tulikulia juu yake na kuzisugua kila Jumamosi, na nakshi ikawa rangi ya chokaa. Rangi mbili katika kiolezo zingehitaji bapa la pili na alama za kuyaoanisha. Tukaona moja inatosha.

Mzee alipiga mistari ya uzi uliopakwa chaki kutafuta kitovu cha baraza. Upana una miraba 7, kwa hivyo mraba mmoja ulikaa juu ya mstari wa katikati. Urefu una 10, kwa hivyo mstari ukapita kati ya miraba miwili. Alichovya brashi, akaifuta karibu yote kwenye gazeti kuukuu mpaka ikaonekana kavu, ndipo akagonga. Ukitia rangi nyingi hupenya chini ya kiolezo, na hakuna nakshi iliyochaguliwa vizuri inayoweza kuokoka. Alichapa miraba akirukaruka, mmoja huku na mwingine kule, ili asilaze kiolezo juu ya rangi mbichi, akianzia ukutani na kumalizia ngazini, asije akajifungia mwenyewe kwenye kona.

Juu ya yote ilipakwa dawa ya kulinda rangi, isiyong'aa, na mchanga mwembamba uliochekechwa ukanyunyizwa kabla haijakauka. Huo mchanga ndio uliompa mama ruhusa ya kuingia. Ukipitisha kiganja unausikia unakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Alijaribu kwanza kwa mkongojo, kisha kwa mguu mmoja, wakati dada akimwaga maji makusudi.

Dada alitaka pia neno Karibu lichapwe. Lilichapwe likitazama wapi? Likitazama langoni, mwenye kutoka ndani atalisoma kinyume. Likaishia kwenye uso wa ngazi ya kwanza, mahali ambapo hapakanyagwi na aingiaye tu ndiye hulisoma.

Baraza ina miezi minne sasa. Ngazi ya kwanza, pale kila mtu anapokung'utia mchanga wa ufuoni, imekwisha kufifia, kwa sababu mchanga ule husugua kama msasa. Violezo vitatu vya eksrei vimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa stoo vikingoja kazi hiyo. Mama huketi barazani kila jioni. Siku ya kwanza kabisa alitandika mkeka wake katikati, ukafunika miraba zaidi ya ishirini ya kazi yetu, akaegemea ukuta na kuagiza chai. Pindo linaonekana vizuri.